Viazi Vyangu na Molekuli ya Nadhira

Nianze kwa kusema kwamba viazi vilikuwa vyangu. Nilivinunua mwenyewe sokoni, debe zima la viazi mviringo, na Nadhira akavimalizia kwenye kemia. Nasema mapema ili mtu asije akaniita mkali bure.

Nadhira ni binti wa kaka yangu Huseni, mwenye duka la mbolea na mbegu hapa Sumbawanga mjini. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi. Kasoma kemia mpaka digrii ya pili. Mwezi huu chuo kimoja cha Ufaransa kilimwita akasome miaka mitatu zaidi, na jibu walilitaka mwisho Ijumaa. Angeweza kujibu siku hiyohiyo, ni mtu mzima. Lakini kwetu mtoto havuki bahari bila radhi ya baba, na baba akaweka sharti: hatoi ruhusa mpaka aelewe binti anakwenda kutengeneza nini. Tukaliona sharti dogo, tukakubali.

Jumatatu Nadhira akaketi uani na debe langu. Alimwambia baba yake kwamba fosforasi, hiyohiyo iliyomo kwenye mbolea ya kupandia anayouza, mtu akiijua tabia yake anaweza kujenga nayo molekuli yenye matawi mengi kama mti. Akachukua kiazi kikubwa kuwa kiini, akakichoma njiti sita, na mwisho wa kila njiti akaweka kiazi kidogo. Hicho kidogo ndicho fosforasi, akasema, nayo ina mikono mitano: mmoja umeshika ilikotoka, miwili imeng'ang'ania salfa, miwili iko wazi. Kwenye ile miwili iliyo wazi unaotesha matawi mawili, kila tawi nalo lizae mawili. Sita, kumi na mawili, ishirini na manne. Matawi yanabanana huko nje, ndani inabaki nafasi, na wataalamu wanatafuta namna ya kubebesha dawa humo. Ila usianze safu mpya kabla ile ya chini haijatimia, kwa sababu tawi likikosekana chini, pengo linazidi kukua kadiri unavyojenga.

Mimi nilikuwa namenya vitunguu, nimewapa mgongo, na nikaelewa. Kaka akakuna kidevu, akasema hajaelewa.

Jumanne akauliza kwa nini wasiimwagie mbolea ikaota yenyewe. Jumatano akataka kujua fosforasi mikono mitano inaitakia nini, mbona yeye ana miwili tu na duka linakwenda. Masunga, mfugaji wa Mtowisa aliyefuata mbegu za mahindi, alikaribishwa uani akaelezwa pamoja naye. Masunga akaelewa, akashukuru, akaenda zake na mbegu zake. Kaka bado. Nadhira akabomoa, akaanza upya, kwa viazi vya nani? Vyangu. Nyumba nzima tukawa tunakula ugali na maharage kutwa mara mbili, na kaka, mwenye kosa, anatusifia maharage.

Siku hiyo Nadhira alinifuata jikoni, akaniambia, "Shangazi, baba hataki niende. Anaona haya kuniambia." Iliniuma sana. Nikamtetea kaka yangu, nikasema baba yako hana hila, kichwa tu ndicho kizito, mvumilie.

Alhamisi mchana Nadhira alitoka kwenda kununua vocha. Huku nyuma mbuzi wa jirani yetu Bertila akaingia uani, akatafuna nusu ya molekuli, njiti akatema. Nilimkimbiza na mwiko mpaka barabarani, nikarudi jikoni kwa mlango wa nyuma nikiwa nahema. Kupitia dirishani nikamwona kaka anaingia, katoka kusali alasiri.

Alisimama akautazama uharibifu. Kisha akakunja mikono ya koti, akavuta debe langu, akachuchumaa, akaanza kuujenga upya ule mti wa viazi. Hakukurupukia juu. Alikagua kwanza safu ya chini, akakuta tawi moja limeng'oka, akalirudisha, ndipo akapanda ya pili. Kila kiazi njiti mbili, hakosei. Njiti zilipomwishia akachukua ufagio wangu, akaanza kuunyofoa.

Hasira ikanipanda mpaka utosini. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Kaka, kumbe siku zote hizi unajitia hamnazo?"

Akabaki na kiazi mkononi, mwizi kabisa. Kabla hajanijibu, Nadhira akaingia getini na vocha yake. Alitutazama, akautazama mti, akainama akaukagua safu kwa safu. Haukuwa na kasoro.

"Baba, umeelewa lini?"

Kaka akaweka kiazi chini, akajifuta mikono kwenye koti.

"Jumatatu."

"Sasa mbona kila siku unaniuliza?"

"Miaka yote ya chuo, ukija unasalimia, unalala, unaondoka. Wiki hii umekaa na mimi hapa kila siku. Nikajua nikisema nimeelewa, unaondoka."

Nikauweka mwiko chini. Nadhira akaketi chini pembeni yake, akalia bila kujificha. Kaka akamwambia awajibu wale watu sasa hivi, asingoje kesho mtandao ukasumbua. Radhi alishampa tangu siku ya kwanza, ulimi tu ndio uliogoma. Akauliza kama huko Ufaransa simu zinapatikana vizuri, maana huenda akawa na maswali. Nadhira akamjibu kwamba siku yoyote akipiga atamweleza tena, kuanzia kiini.

"Basi uwe unanieleza polepole," kaka akasema. "Mimi ni mzito wa kuelewa."