Malkia Hataki Simu

Valarie alikuwa ameshika mguu ya Malkia. Ameshika kabisa! Kwato iko kwa mkono yake, na farasi imetulia inatafuna nyasi kama ng'ombe ya shosho. Akaita polepole, "Sammy! Kuja na simu, haraka!"

Sammy, mwenye husafisha mabanda, akatoka mbio, akasimama mbele yao, akainua simu. Hapo ndio vitu ziliharibika. Malkia akarusha kichwa juu, akaruka nyuma, akapiga ndoo teke ikaenda kugonga ukuta. Valarie akajipata chini kwa matope.

"Umepata?" akauliza, bado akiwa chini.

"Nimepata ukianguka."

Na hiyo ndio video ilienda kwa Madam Yvonne. Kama zile zingine zote.

Madam Yvonne ndiye mwenye boma. Ofisi yake iko Upper Hill, farasi ziko huku upande wa Dagoretti, kwa hivyo yeye huona kila kitu kwa simu. Yeye ndiye alinunua Malkia, farasi mbavu nje, mgongo vidonda tupu, akampea Valarie, juu kazi ya Valarie ni hiyo: kufunza farasi zenye ziliteswa ziamini watu tena. Vidonda zilipona. Shida ikabaki kwato. Zilikuwa zimemea ndefu, zimejipinda, na Malkia hakubali fundi azikate. Walijaribu dawa ya kumtuliza, karibu imuue. Daktari akasema wazi: kwato zisipokatwa, miguu zitaharibika, na hapo ni sindano ya kulala asiamke.

Jioni Yvonne akapiga.

"Vala, nimeona video. Hiyo mnyama itaua mtu."

"Madam, tukiwa wawili ananipatia mguu. Naapa."

"Sasa mbona kila video anakurusha?"

Valarie akakwangua matope kwa suruali yake.

"Fundi anakuja Jumamosi," Yvonne akasema. "Nisipoona kitu ya maana kabla ya hapo, naita daktari badala yake. Pole, mami."

Kesho yake Mabruki akaleta karoti. Huyu ni mzee wa Lamu, miaka michache nyuma alikuwa anapiga watu picha na simu pale tao, katikati ya mji, siku hizi anauza mboga. Hakuwahi kumuona Malkia nje ya banda mpaka siku hiyo. Akasimama, gunia begani.

"Huyu mwenye baka jeupe puani namjua," akasema. "Alikuwa farasi wa picha."

"Picha gani?"

"Za watoto, mwanangu. Mtoto anapandishwa, mpiga picha anainua simu, na mwenye farasi anamchoma huyu chini ya kidevu kwa msumari. Ainue kichwa, picha ipendeze. Kila picha, msumari. Mimi nilipiga siku moja tu, nikamwambia yule bwana atafute mwingine."

Valarie akageuka akaangalia Sammy. Sammy akaangalia simu yake, akaificha nyuma ya mgongo kama mtu ameshikwa na sukari ya jirani.

"Wueh," akasema. "Kumbe ni mimi msumari."

Valarie akapigia Yvonne. "Madam, video hakuna tena. Kuja mwenyewe Jumamosi, daktari angoje kwanza."

Jumamosi Yvonne akafika, amechelewa na jam, amenuna. Valarie alikuwa kwa geti na ndoo. "Simu ndani."

"Simu yangu? Una wazimu?"

"Hata ya Waithaka iko hapo."

Waithaka, fundi wa kwato, akacheka. "Mimi nimeiweka bibi akinipigia. Leo nitalala na hawa farasi."

Yvonne akaweka yake. Wakaingia. Waithaka akainama, Valarie akashika kamba, anaongea na Malkia chini chini. Mguu ya kwanza ikaenda sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, Yvonne akafurahi mpaka mkono ikapanda yenyewe, vile mtu huinua simu. Tupu! Malkia akarusha kichwa. Kamba ikakaza.

"Usishushe haraka," Valarie akasema. "Mwonyeshe."

Yvonne akafungua vidole. Malkia akaiangalia hiyo mkono, masikio mbele, anapumua kwa nguvu. Hakuna mtu alisongea. Kidevu hakikuchomwa. Kichwa ikaanza kushuka, ikashuka, mpaka pua ikaguza kiganja ya Yvonne.

Waithaka hakuwa ameachilia mguu. "Nimalize ama tunaomba kwanza?"

Akamaliza zote. Malkia akatoka anakanyaga sawasawa kwa nyasi, na Yvonne akafuta macho na mkono ileile. "Daktari simuiti," akasema.

Picha usiniulize, hakuna. Hata zile vipande za kwato zingekuwa ushahidi, mbwa ya boma ilikula zote.