Filamu Kumi za Mjomba Thrasos

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Agosti, Mjomba Thrasos huandika orodha ya filamu zake kumi bora za mwaka na kuniletea niibandike kwenye ubao wa sinema yangu. Kila mwaka huwa naisoma, namsifu, naibandika, na kujifanya hamnazo.

Sinema nimeirithi kwa baba. Haina paa, ni ua wenye changarawe na viti vya turubai, na mbele kuna ukuta mkubwa tuliopaka chokaa. Filamu zote zilizotoka msimu wa baridi tunazionyesha tena hapo majira ya joto. Thrasos si mjomba wangu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba, karani mstaafu wa bandari ya Volos hapa Ugiriki, na mtaa mzima unamwita mjomba. Hutazama filamu zote kutoka roshani yake, ghorofa ya tatu nyuma ya ua, amevaa fulana, anatafuna mbegu za alizeti.

Kushuka hashuki. Miaka kumi na minne iliyopita baba alisimamisha filamu katikati ya busu ili watu wapumzike na kununua bia. Thrasos akasimama akamwambia mbele ya wateja kwamba mtu anayekata busu hashindwi kukata sala. Baba akamwambia anyamaze au atoke. Akatoka, akaapa kwamba hatakanyaga tena changarawe ile mpaka aombwe radhi. Baba akafa bila kuomba. Thrasos alibeba jeneza, akalia kuliko mimi, kisha akarudi zake roshani.

Miaka sita iliyopita wakajenga jengo refu kati ya nyumba yake na ua wangu. Tangu siku hiyo, nusu ya kulia ya ukuta haioni. Anaona ya kushoto tu. Hakulalamika, na sidhani kama hata yeye mwenyewe alikiri moyoni mwake. Filamu zetu nyingi ni za kigeni, maneno ya Kigiriki yanapita chini ya picha, kwa hiyo mjomba husoma nusu ya kila sentensi na iliyobaki anajimalizia.

Sasa hebu fikiria mtu huyo anakaa kila asubuhi katika mkahawa wa Fotis kuwasimulia watu alichokiona jana. Kulikuwa na filamu iitwayo Machozi ya Farasi. Mjomba alituambia kwamba farasi mwenyewe haonekani hata mara moja, na hapo ndipo unapojua kwamba mwongozaji ana akili. Nusu ya waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wamekaa kwangu jana yake wakimtazama farasi saa mbili nzima, mkubwa kama lori, upande wa kulia. Hakuna aliyefungua mdomo.

Mwanzoni tulinyamaza kwa huruma. Mkewe Loukia alikuwa amefariki karibuni, na orodha ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani; alianza kuipanga Septemba, akaifuta na kuiandika upya mwaka mzima. Baadaye tulinyamaza kwa sababu filamu zake zilikuwa nzuri kuliko za kwenye ukuta. Watu walikuja kwangu kuona moja, kisha wakaenda kwa Fotis kusikia ya pili. Biashara yangu ilinoga, na sitajitakasa hapa.

Halafu akaja Mwalimu Polixeni.

Alihamia kutoka Larisa wakati wa Pasaka, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, mkavu, miwani shingoni. Alisema viti vyangu vinamuumiza mgongo, kwa hiyo naye alitazama kutoka kwenye roshani yake. Hakuna aliyejiuliza roshani hiyo iko wapi. Asubuhi ile ya orodha alisimama mbele ya ubao, akavaa miwani, akasoma kutoka juu hadi chini, kisha akatoa kalamu nyekundu mkobani. Nilipotoka na ufagio alikuwa ameshamaliza. Chini kabisa aliandika: Tatu kwa kumi. Mwandishi hakutazama filamu.

Mjomba alifika akiwa na mkate wake kwapani. Akasoma.

"Mwalimu, hii ni orodha yangu."

"Najua. Nimeisahihisha."

"Nani kakuomba?"

"Watoto nao hawakuniomba, miaka thelathini na mbili."

Fotis alishavuka barabara na sinia yake, na nyuma yake wateja wote. Mwalimu akagonga orodha kwa kalamu. Alisema filamu ya farasi ina farasi mwanzo hadi mwisho. Asiyeonekana ni mwenye farasi. Mjomba akasema mwenye farasi ndiye filamu yenyewe, analia wima tangu dakika ya kumi. Mwalimu akauliza analia mbele ya nani. Mjomba akajibu, analia mbele ya maisha.

Kisha wakafika kwenye filamu ya kwanza katika orodha, Taa ya Bandari. Hiyo mjomba alikuwa ametusimulia mara nne na kila mara Fotis alikwenda jikoni kupangusa macho. Mwanamke anasimama gatini, meli inaondoka, anamwambia mwanamume maneno matatu tu ya mwisho. Sijawahi kukupenda mimi. Basi, imekwisha.

"Hakuna mwanamke kwenye filamu hiyo," alisema Mwalimu. "Kuna mwanamume melini. Anaambiwa, kama ninavyokupenda leo. Anatabasamu. Imekwisha."

Nikatazama juu: roshani ya mjomba upande huu wa jengo refu, roshani ya Mwalimu upande wa pili, ikielekea nusu ya ukuta asiyoiona mjomba. Fotis naye akatazama juu, kisha akanitazama mimi, akaficha kicheko nyuma ya sinia. Pale ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema.

Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya msimu, na kwa desturi huwa naonyesha tena filamu ya kwanza ya mjomba. Mwalimu alimwambia ashuke akae kitini, naye atakaa, mgongo uumie unavyotaka, kwa sababu mmoja wao ni mwongo.

"Kama ni mimi," alisema mjomba mbele ya watu wote, "sitaandika orodha tena maisha yangu."

Tulikuwa tumefanya mchezo miaka sita, na sasa alikuwa ameweka rehani kitu pekee kilichombakia.

Ijumaa nikapanda ghorofa zile tatu nimwambie ukweli. Nilimkuta amepiga pasi shati jeupe, ameliweka kwenye kiti kama mgeni. Akaniambia mara moja kwamba hawezi kwenda, maana baba hajamwomba radhi. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, ningemwachia aipite, tungebaki salama wote. Lakini nilitoka hadi roshani nikajionea mwenyewe: nusu ya ukuta, na pembeni yake saruji ya jirani na shuka za watu. Miaka sita alikuwa akitazama pale na kuona filamu nzima. Nikaona aibu. Na lile shati lilikuwa limeshapigwa pasi.

"Mjomba," nikasema, "busu lile halikustahili kukatwa. Nakuomba radhi kwa niaba ya baba."

Alipasua mbegu moja, akatema ganda mkononi.

"Imechukua miaka kumi na minne."

"Alikuwa mkaidi."

"Alikuwa punda."

"Alikuwa punda," nikakubali, na sote wawili tukalia kidogo. Nikashuka bila kuitaja habari ya nusu ukuta.

Jumamosi viti vilijaa, wengine wakaketi kwenye makreti ya bia. Walimwekea mjomba na Mwalimu viti viwili katikati kabisa. Mjomba alisimama kwanza kwenye lango, akaitazama changarawe, kisha akaikanyaga polepole kwa mguu wa kulia. Sikuweka mapumziko. Kutoka chumba cha mashine sikutazama filamu, nilitazama migongo yao.

Dakika ya tano mjomba alishtuka, akageuza kichwa kulia, na hakukirudisha. Mwalimu alikuwa amegeukia kushoto. Watu wawili wazima, kila mmoja ameduwaa upande ambao si wake. Ile bandari ilikuwa na mwanamke na ilikuwa na mwanamume, na walikuwa wakizungumza wao kwa wao muda wote. Hata mbwa alikuwepo, anavuka ukuta kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mjomba alimfuata kwa kidole.

Ikafika meli. Maneno yakatokea chini, mstari mzima: Sijawahi kukupenda mimi kama ninavyokupenda leo. Muziki ukapanda. Mwanamume akatabasamu, mwanamke akatabasamu, nadhani mbwa pia alitabasamu. Mjomba akainua mkono wake wa kulia, akaunyoosha mbele ya uso, akaziba nusu ya kulia ya ukuta. Alibaki hivyo mpaka meli ikaondoka. Mwalimu akamtazama, kisha naye akainua mkono wake wa kushoto, akaziba nusu ya kushoto.

Taa zikawaka. Mjomba akasimama.

"Nimekosea," alisema. Kisha akaniita mimi: "Asimina, kaibandue ile orodha."

Akageuka, akatutazama mmoja mmoja, Fotis, muuza magazeti, mimi mlangoni mwa chumba cha mashine.

"Mlikuwa mnajua?"

Watu wazima zaidi ya mia wakainama kukagua changarawe.

"Tulidhani unajua, mjomba," alisema Fotis kwa sauti ndogo.

"Kaa chini," alisema Mwalimu, kwa sauti iliyonifanya hata mimi nikaribie kukaa. "Hata mimi nimekosea, na mimi nilikosea kwa kalamu nyekundu. Hii filamu ni sukari tupu. Mke anampenda mume, mume anampenda mke, na mbwa. Ile yako niliisikia dirishani kwa Fotis, nikaenda nyumbani kukuita mwongo, na sikulala mpaka alfajiri. Nilikuwa namlilia yule mwanamume."

"Ile haipo, Mwalimu."

"Mimi niliisikia. Ipo."

Mjomba alifunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefungwa tayari, akaja mpaka mlangoni kwangu, akaniuliza taratibu:

"Na farasi? Yupo kweli?"

"Yupo, mjomba."

"Mkubwa?"

"Mkubwa sana."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Roshani yake haikuwaka taa. Nilibandua orodha kama alivyoniagiza, nikaikunja na kuiweka pamoja na picha ya baba, na nilijichukia kama sijawahi kujichukia.

Jumapili nilikwenda kufagia maganda ya alizeti. Ubaoni kulikuwa na karatasi mpya, mwandiko ule ule wa karani wa bandari, filamu zile zile kumi, kwa mpangilio ule ule, Taa ya Bandari juu kabisa. Kichwa tu ndicho kilichobadilika. Kiliandikwa kwa herufi kubwa: FILAMU KUMI BORA ZA MWAKA, NUSU YA KUSHOTO.

Na chini yake, kwa kalamu nyekundu: Tisa kwa kumi. Alama moja nimeikata kwa sababu ya farasi.