Palahala wa Bwana Kasembe

Siku ile nililala alasiri, viatu vikiwa miguuni, kwenye banda tunamokaushia ngozi, kwa sababu sikutaka kuonana na mtu. Mimi ni msoma nyayo katika ranchi ya kuwindia, na asubuhi yote nilikuwa nimekaa na Bwana Kasembe, mgeni aliyetoka mjini na bunduki mpya, kofia mpya na ujinga wa siku nyingi, akifunua albamu ya wanyama wetu kama anayechagua kitambaa cha pazia. Pofu alimwona mnene mno. Pembe za tandala zilimchosha macho. Choroa mzee aliyefukuzwa na kundi lake, ambaye ndiye niliyempendekeza, alimkataa kwa kuwa ncha ya pembe moja imekatika na watu wangemcheka sebuleni kwake. Mwishowe akaweka kidole juu ya palahala dume, yule mweusi tuliyemleta kwa lori kutoka mbali pamoja na majike tisa, dume pekee wa kundi lile. Kwetu kuna desturi moja: hakuna anayefyatua risasi mpaka msoma nyayo amtazame mnyama pembe na mwendo, kisha aseme, "Huyu mzee." Palahala yule ana miaka sita, ndiyo kwanza ameanza kuzalisha, akianguka, kundi zima limekwisha. Meneja wetu, Ndunguru, alinivuta pembeni akaniambia, "Kesho useme mzee, Kihwele. Neno moja tu, litakuua?" Nilikwenda kulala nikiwa na hasira, nikiwadharau wote wawili, na dharau ile, niseme kweli, ilinipa raha.

Usingizini nikajikuta katika nchi iliyozungushiwa uzio pande zote, ambako nyasi zilikuwa zimefyekwa zisije zikalowesha suruali ya mtu. Mama mmoja mwembamba, kanga kaifunga kiunoni, alinipokea getini. "Naitwa Kiasi," akasema. "Huku sina kazi, kwa hiyo ninayo nafasi ya kukutembeza." Tukatembea pamoja mpaka uwanjani, na hapo nikamwona Majivuno, ameketi juu ya kiti kirefu kinachopandwa kwa ngazi, na ukutani nyuma yake vimetundikwa vichwa vya wanyama, cha mbuzi kikiwemo, na cha punda aliyegundishwa pembe. Miguuni pake Tamaa alikuwa akilamba kidole na kufunua albamu, na hakuna ukurasa aliouacha bila kusema, "Na huyu." Sifa alisimama kando akipiga makofi kabla hata bunduki haijainuliwa, mpaka viganja vilikuwa vimempasuka. Woga alikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, akisimulia jinsi alivyomkaba chui kwa mikono mitupu, na kila unyasi ulipotikisika alikatiza hadithi ili arudishe gari nyuma. Nilicheka nikashika mbavu. Nikamwambia yule mama kwamba sijawahi kuona mkusanyiko wa madebe matupu kama ule, na kwamba wote wale nawafahamu, maana huja kwetu kila msimu wakiwa na miwani ya jua.

Mbele yao wanyama walisimama foleni, kila mmoja na kibao shingoni, na wa kwanza alikuwa palahala wetu. Bunduki zilikuwa zimeshaelekezwa, lakini hakuna aliyepiga. Nikauliza wanangoja nini.

"Hawawezi," Kiasi akajibu. "Majivuno haoni mbali, hajui pembe ni ipi na tawi ni lipi. Tamaa hajapata kuamua jambo tangu azaliwe. Woga hashuki garini, na Sifa kazi yake ni makofi. Tangu asubuhi wapo hivyo hivyo, wanakusubiri wewe."

Nilipogeuka, wote walikuwa wakinitazama. Majivuno alishuka ngazi kwa tabu, akanipisha kwenye kiti chake, na Sifa akaanza kunipigia makofi mimi. Niliona aibu, tena aibu kali, nikasema kwa sauti ili wasikie kwamba mimi si mwenzao, mimi nawadharau.

"Nyani haoni kundule, mwanangu," Kiasi akasema kwa upole. "Dharau yako haijawazuia hata siku moja. Wanaipenda, kwa sababu inakutosha. Ukishawacheka moyoni unajiona umetimiza wajibu, kisha unawapa neno wanalolitaka, na kila mtu anakwenda kula. Msimu uliopita ulisema mzee kwa wangapi ambao hawakuwa wazee?"

Sikutaka kukumbuka, lakini nilikumbuka. Walikuwa watatu, na wa mwisho alikuwa tandala ambaye pembe zake zilikuwa hazijamaliza hata mzunguko wa pili. Palahala aligeuza shingo akanitazama. Hakuniomba chochote, alinitazama tu kama mnyama anavyomtazama mtu ambaye bado hajamnusa. Nikafungua kinywa kusema, na nikalihisi lile neno limeshakaa ulimini, tayari, bila mtu kunilazimisha. Hofu niliyoipata ndiyo iliyoniamsha.

Ndunguru alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, na nyuma yake Bwana Kasembe na albamu yake kwapani. Nilikuwa nimemwamkia mtu yule kwa heshima zote tangu alipofika huku nikimcheka rohoni, na sasa nikafahamu kwamba kicheko kile hakikuwahi kumpunguzia risasi hata moja.

"Bwana anataka kuhakikisha," Ndunguru akasema. "Yule dume wa kesho ni mzee, sivyo?"

"Ni kijana," nikasema, kwa sauti ya kuwatosha wote wawili. "Ana miaka sita. Mzee ni choroa."

Bwana Kasembe alimgeukia meneja. "Kwani huyu ndiye anayetuamulia?"

Ndunguru alinigeukia. "Basi nitamtafuta mwingine wa kusema."

"Mtafute," nikamwambia. "Ila aje aseme mimi nikiwa nimesimama pale pale penye palahala."