Kumzingira Ashley

Sellah alikuwa amekaa nje ya maabara ya hospitali, mjini Lodwar, akila githeri ya mchana, alipofungua simu na kuona kwamba Ayen anacheza vita bila yeye.

Mchezo wenyewe uliitwa Ngome. Ramani yake imegawanywa vijumba kama sega la nyuki, kila upande una ngome moja kuu ya kulinda, ikitekwa umeshindwa, na majeshi husogea kwa zamu: ukimaliza yako, unakaa kusubiri adui afikirie. Wengi hucheza mmoja kwa mmoja. Sellah na Ayen walicheza wakiwa jozi, makamanda wawili wa upande mmoja, na miongoni mwa wachezaji wa kaskazini hakuna aliyemtaja mmoja bila kumtaja mwenziwe. Sasa kando ya jina la Ayen paliandikwa jina la mtu mwingine. Ashley.

Sellah na Ayen walifahamiana kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, enzi Sellah alipofanya kazi huko kabla ya kuhamishiwa Lodwar. Ayen alikuwa amekimbia Sudan Kusini akiwa msichana, na kambini alijulikana kwa milaya, yale mashuka yaliyodariziwa ambayo wanawake wa kwao huyatandika mgeni anapofika. Jumapili moja baada ya ibada mvua ilinyesha huko juu, laga, ule mto mkavu wa mchanga, ikajaa maji, Ayen akashindwa kuvuka kurudi kwake. Akalala kwa Sellah. Kesho yake maji yalikuwa bado hayajapungua, na Sellah, kwa kukosa la kufanya, akafungua kompyuta na kumfundisha Ngome.

Alimweleza kwamba jeshi lililozungukwa pande zote halifikiwi na chakula, kwa hiyo hudhoofika lenyewe zamu baada ya zamu, hata usipolipiga. Akamweleza pia kwamba kikosi kikinusurika vita hupewa nyota, na kikosi chenye nyota kina thamani kuliko mji wowote wa kwenye ramani. Usimalize askari wako kwa ajili ya mji ambao unaweza kuurudia.

"Hiyo naijua," Ayen alisema. "Sisi tuliacha nyumba, tukabeba watoto."

Katika michezo yote waliyocheza baadaye, mmoja Sellah aliupenda kuliko mingine. Alikuwa amezingirwa kwenye matope, hana pa kutokea, akampigia Ayen simu akimwambia njoo, njoo, wananimaliza. Ayen akaja na jeshi lake lote. Alivunja lile duara, akapoteza vikosi vyake vyenye nyota, na wakashindwa. Sellah hakujali kushindwa. Alikuwa na mtu ambaye akiitwa anakuja.

Alimwandikia Ayen siku hiyohiyo alipoliona lile jina: Ashley ni nani? Ayen akajibu kwa ujumbe wa sauti, kama kawaida yake. "Ashley ni mwalimu ya kompyuta hapa kambini, ametoka Nakuru. Anacheza vizuri sana, dada. Utampenda."

Sellah aliisikiliza sauti ile mara kadhaa. Ilikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyomkera.

Tangu hapo akawa anatazama michezo yao, kwa kuwa Ngome humruhusu yeyote kuangalia. Alitafuta makosa ya Ashley na kuyapata: ana haraka, anasogea mbele mno, anaacha ubavu wazi. Kisha jioni moja alimwona Ayen akiwaficha wapanda farasi nyuma ya vilima mpaka adui amesahau kwamba wapo. Mbinu hiyo waliibuni yeye na Ayen, na Sellah alijisikia kama mtu aliyekuta mwingine amevaa nguo yake. Akazima simu. Baada ya muda mfupi akaiwasha tena.

Yalipotangazwa mashindano ya jozi katika ukumbi wa vijana wa Kakuma, Ayen alimpigia simu.

"Dada, Ashley ameniomba nicheze na yeye. Wewe ulisema kazi ni mingi siku hizi."

Ni kweli alikuwa amesema hivyo. Alisema ili abembelezwe.

"Sawa tu," Sellah akajibu. "Chezeni."

Kesho yake akamtafuta Opondo, karani wa idara ya maji, mtu mpole anayecheza kama anayepalilia shamba, hana papara, na akamwomba wawe jozi. Opondo alikubali na hata akajitolea gari lake.

Ukumbini kulikuwa na joto na feni zilizokuwa zikisukuma joto lilelile huku na huku. Walipoingia, Ayen alimkumbatia Sellah na kumshikilia kwa muda mrefu. Nyuma yake alisimama msichana mwembamba mwenye rasta fupi.

"Kumbe ni wewe," Ashley alisema huku akicheka. "Ayen hukutaja kila saa, hadi nikadhani wewe ndiye ulimzaa."

Sellah alitafuta kejeli katika maneno yale, akaikosa. Afadhali angeipata.

Jozi hizo mbili zilikutana baada ya chakula cha mchana. Makamanda wa kila upande waliketi bega kwa bega, wakinong'onezana. Mpango wa Opondo ulikuwa rahisi: washike mto, walinde ngome yao, watunze vikosi vyenye nyota na kungoja haraka ya Ashley imponze. Sellah aliafiki. Na kweli, mapema tu, Ashley alisogea mbele mno, akaingia bondeni.

Hapo Sellah akauacha mpango. Alivuka mto, akafunga mdomo wa bonde, kisha akaanza kuwaondoa walinzi wa ngome, zamu kwa zamu, ili kukamilisha duara.

"Daktari," Opondo alinong'ona, maana Lodwar mtu yeyote wa maabara huitwa hivyo, "nyumbani kwetu kumebaki wazi."

"Najua. Ayen hatakwenda huko. Atakuja kumwokoa huyu."

"Umejuaje?"

"Namjua."

Alikuwa akijidanganya kwamba ule ni mtego. Alichotaka ni kuona. Alitaka kuona kama Ayen angelitoa jeshi lake lote kwa ajili ya Ashley kama alivyolitoa kwa ajili yake yeye siku ile ya matope.

Upande wa pili wa ukumbi, Ayen alikuwa ameinama kwenye skrini. Ashley alimsogelea sikioni akasema kitu, kisha akatikisa kichwa. Ayen akakaa muda mrefu bila kugusa chochote. Hatimaye vikosi vyake vikasogea, lakini si kuelekea kwenye duara. Vilirudi nyuma, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikapotelea nyuma ya vilima.

"Amemwacha," Opondo alisema.

Sellah alihisi utamu ukimpanda mpaka kooni. Amemwacha. Mimi aliniokoa, huyu amemwacha.

Njaa peke yake ingetosha kulimaliza lile jeshi la bondeni. Sellah hakuwa na subira. Alishambulia kila zamu, na Ashley, ambaye hakuwa na njia ya kutoka, alipigana kwa kila kijumba, akimwangushia kikosi cha nyota baada ya kikosi cha nyota. Opondo aliacha kunong'ona. Bonde lilipotulia, Sellah alikuwa amebaki na mabaki. Ndipo Ayen akajitokeza mbele ya ngome iliyo tupu, jeshi lake zima, nyota zake zote. Mchezo ukaisha.

Watu wakapiga makofi. Opondo alimgeukia Sellah kumpa pole na kumkuta akitabasamu.

Sellah alikwenda moja kwa moja kwa Ashley. "Pole," alimwambia. "Naona mwenzako alikuacha ufe."

"Mimi ndio nilimwambia aniache," Ashley akasema. "Alikuwa anakuja kabisa. Nikamwambia ukija tunaisha wote, enda, mimi nitawachosha huku."

Lilikuwa jibu la kawaida, lisilo na majivuno. Lile tabasamu la Sellah halikujua pa kwenda.

Baadaye Ayen alimkaribisha nyumbani kwake kunywa chai. Milaya iliyokuwa haijamalizika ililala juu ya kiti, ua moja tayari, jingine la penseli tu. Ayen alimimina chai na kuketi mbele yake.

"Uliacha ngome wazi. Wewe hufanyangi hivyo."

"Nilifikiri utakuja kumwokoa."

"Ulifikiri, ama ulitaka?"

Sellah alikizungusha kikombe mkononi. "Nilitaka kuona."

"Sasa umeona." Ayen hakupandisha sauti. "Ile siku ya matope nilikuja sababu uliniita. Nilijua tutashindwa. Nilikuja tu. Leo pia nilitaka kwenda kwa Ashley, akakataa. Nikasikia vizuri moyoni, dada. Mtu akikuita kila siku, unachoka."

Nje, mtu alipita akimsalimu jirani, "Ejok." Sellah alisikiliza salamu ile na majibu yake mpaka yakaisha.

"Sijazoea kukugawa na mtu," alisema.

"Mimi si kitambaa. Sigawiwi."

Opondo alipiga honi barabarani. Ayen alimwambia Sellah alale, kitanda kipo, Opondo atangulie. Sellah alikataa. Njia nzima ya kurudi Lodwar alimwambia Opondo kwamba chai ilikuwa nzuri.

Alikaa wiki nyingi bila kufungua Ngome. Ayen alituma salamu, naye alijibu kwa ufupi. Aliamini kwamba akinyamaza vya kutosha, atatafutwa kama zamani.

Simu ilipokuja, ilikuja adhuhuri, akiwa kazini.

"Dada," Ayen alisema. "Ashley alikuja Lodwar kwa semina. Ameshikwa na homa, yuko gesti peke yake, simu anashika kwa shida. Nenda kwake. Nakuomba."

Sellah aliketi. Katika miaka yote ile Ayen hakuwahi kumwomba kitu. Hata mtoto wake alipolazwa, Sellah alikuja kusikia kwa watu wa kanisa. Na sasa aliyemfanya aombe ni Ashley. Wivu ulimbana kama siku ile ya githeri, pengine zaidi.

"Dada, uko?"

"Niko. Gesti gani?"

Alimkuta Ashley amejikunyata chini ya shuka, midomo imekauka, anatetemeka katikati ya joto la Lodwar.

"Nilimwambia asikusumbue," Ashley alinong'ona.

"Nilijua utasema hivyo."

Sellah alimnywesha maji kidogo kidogo, akampandisha bodaboda na kupanda nyuma yake kumshikilia asianguke, mpaka hospitalini. Damu aliipima mwenyewe. Ilikuwa malaria. Alingoja mpaka dripu ikaanza kushuka vizuri, akamwandikia Ayen kwamba mgonjwa amepata kitanda na dawa. Ayen alijibu palepale, akashukuru kwa maneno mengi, na Sellah aliyasoma yote akitafuta lile litakalomhusu yeye tu.

Ashley alifumbua macho na kuuliza kama kuna uji. Sellah akaweka simu mfukoni na kwenda kuutafuta.