Chupa Moja kwa Meza ya Wakwe

...alishatangulia, ndivyo alivyosema yule mama mwenye miwani, tena kwa upole kabisa, kama mtu anayemfunika mtoto shuka, "Baba yake alishatangulia mbele ya haki, mzee wangu, tangu binti huyu yuko mdogo, kwa hiyo kuanzia leo baba yake ni huyu mume wangu," akampapasa mgongoni mkwe wake mtarajiwa, na mhudumu wa mvinyo, orodha kifuani, kitambaa cheupe kwenye mkono wa kushoto, akabaki kama mtu aliyefikishiwa habari ya msiba, na msiba wenyewe ulikuwa wake, marehemu alikuwa ndiye yeye, amesimama pale na viatu vilivyopigwa rangi asubuhi, na yule binti anayetazama uma bila kupepesa ni mwanawe wa pekee, Chiriku, hilo jina alimpa yeye mwenyewe kwa kuwa mtoto aliamka akiongea na kulala akiongea, na sasa haongei, miaka kumi na minne hawajaonana na haongei, alimjua tangu pale mlangoni, kwa lile bega moja linalotangulia, na yeye Chiriku alimjua pia, hilo halina ubishi, rangi ilimtoka usoni akavuta kiti mwenyewe kabla hajavutiwa... "Tuchagulie mweupe," mama mwenye miwani alikuwa anasema, "chupa moja itutoshe sote, maana sisi kunywa tunajua, kuchagua ndiyo hatujui," na mumewe, mtu mnene mwenye kicheko cha kifuani, akasema sema ukweli, mke wangu, hata kunywa hujui, wakacheka, mchumba naye akacheka, kijana mrefu mwenye mikono isiyotulia, anaonekana mtu mwema, na ndilo lililomuuma zaidi, afadhali angekuwa na sura ya kijeuri apate mtu wa kumchukia... "Mmeagiza nini, mama, ili nijue?" Sauti ilitoka ileile ya kila siku, ajabu, mdomo una kazi yake na moyo una yake, mama akahesabu kwa vidole, yeye na mwanawe samaki wa limau, mzee kuku wa krimu, "na mkwe wangu kamba wa pilipili, pilipili kali, usimwone alivyo mdogo," na mhudumu akaitikia kwa kichwa, hapo pana kazi, sahani za aina tatu na kila moja ina bwana wake, samaki wa limau anataka mvinyo mkavu wenye ukali wa tunda bichi, kwa sababu mvinyo ukiwa mpole kuliko limau unakufa mdomoni, unabaki maji, na kuku wa krimu anataka ule mzito uliolazwa kwenye pipa, wenye mwili wa kusukumana na mafuta, na mwenye kulipia meza ni yule mzee mnene, sheria ya kazi inasema msikilize mwenye meza, mpe wa pipa, kila mtu atakunywa, lakini ule mzito una moto, ukikutana na pilipili ulimi unaungua kama umelamba pasi, na pilipili ni ya nani... Mimi ndiye baba yako. Maneno manne. Angeyasema hapohapo, juu ya vikapu vya mkate, mimi ndiye baba yako, sijafa, miaka tisa sijameza hata tone, naonja na kutema kwenye kindoo, jikoni wananiita Bwana Tema, waulize, waite hapa uwaulize... lakini angeyasema halafu iweje, mama mwenye miwani angegeuka, angemuuliza binti, kumbe ulitudanganya, na uongo wa namna hiyo kwenye meza ya wakwe hausahauliki, hata ukisamehewa unakaa ndani ya nyumba kama harufu ya moshi. Alidanganya kwa nini. Usijifanye hujui, mzee. Ukumbi wa shule, viti vya mbao, Chiriku ana miaka kumi na miwili, amesimama jukwaani na karatasi anawasomea wazazi shairi alilotunga mwenyewe, na baba anaingia amechelewa, amemaliza mabaki ya chupa za karamu ya mchana, zile alizopaswa kuzimwaga, anapiga makofi pasipostahili makofi, anapaza sauti huyo ni wangu, huyo ni wangu, halafu mguu unakosa ngazi na anaanguka katikati ya viti na suruali imelowa, na ukumbi mzima unacheka, walimu nao, na kilichobaki kikimkereketa miaka yote si kicheko, ni kwamba mtoto hakunyamaza, alisoma mpaka mstari wa mwisho, sauti haikutetemeka, akakunja karatasi mara mbili, akashuka kwa mlango wa nyuma... na wiki ileile mama yake akamchukua wakaenda kuishi kwa mjomba, na alipowafuata, mwaka wa tatu wa kutokunywa, nguo safi, zawadi kwapani, mjomba alitoka mpaka getini akasema kwa sauti ya chini, shemeji, mtoto ameshasahau, usimkumbushe. Akarudi na zawadi yake. "...maana huyu ana ulimi, mzee, si mchezo," mama alikuwa bado anaongea, hakujua yamepita makubwa kiasi gani kati ya pumzi yake moja na nyingine, "anakwambia mchuzi umekosa nini kabla hujaumeza, anasema karithi kwa marehemu baba yake, eti alikuwa akimfumba macho kwa kiganja pale mezani, anamwekea kitu ulimini, chumvi, asali, ganda la limau, mtoto abahatishe, akipatia anabebwa juu juu mpaka dari, unaona mambo hayo? Baba wa hivyo siku hizi hawapo," na mchumba akasema mama, muache mzee wa watu afanye kazi, na mhudumu akainamisha macho kwenye orodha, herufi zikaogelea, kwa sababu hilo halikuwa uongo, kilikuwa kiganja chake, kilinuka sabuni ya vyombo, na mtoto akicheka kope zilimtekenya mkononi, na miaka yote hii alidhani binti ameufuta mkono ule pamoja na mengine, kumbe alikaa akachambua, kama mtu anayechambua mchele, mawe huku, chuya kule, akabaki na kiganja kimoja cha punje safi, akatengeneza nacho baba anayefaa kutajwa mbele za watu, na baba yule, ili abaki safi, ilibidi afe mapema, afe kabla ya shule, kabla ya viti, akifa pale anakuwa mtu mwema... hakuniua kwa chuki, aliwaza, aliniua kabla sijaharibika, na wazo hilo likamchoma na kumpoza kwa pamoja, asijue ashike lipi. "Kama mtaniruhusu," akasema, "upo mmoja una utamu kidogo kwa mbali, na ukali wake unatosha samaki wa limau, kuku hautamdhuru, na pilipili inaupenda, huyu akiwaka yule anampoza, kama mtu na mkewe," mzee mnene akacheka akasema lete huohuo, wanandoa wasikie, na lilikuwa hatua sita jokofu la mvinyo, hatua sita kwenda na sita kurudi, amemchagulia binti yake na hakuna aliyejua, wakwe walipewa sababu zao na zote zilikuwa za kweli, lakini chupa ilichaguliwa kwa sahani moja, na hilo ndilo jambo la kwanza alilomfanyia tangu siku ile ya viti. Kizibo kikatoka bila kelele. Akataka kumwonjesha mwenye meza, mzee akakataa kwa kiganja, "Aonje bi harusi, si ndiye mwenye ulimi," ikabidi azunguke asimame begani kwake, karibu kiasi cha kuona kovu dogo nyuma ya sikio, la tetekuwanga, kidonda chake alikipaka dawa yeye, akamimina vidole viwili, binti akaizungusha glasi, akanusa, akaonja, akafumba macho, kulikuwa na haja gani ya kufumba macho, mchumba akauliza vipi, na Chiriku akasema, "Uko sawasawa," sauti nzito ya mtu mzima asiyomjua. Basi akaanza kumimina, kwanza kwa mama mwenye miwani, naye mama, kwa wema tu, kwa ile furaha ya mtu anayetaka kila mtu aliye karibu naye ale naye, akainua uso, "Na wewe, mzee wangu, Mungu amekujalia watoto?" na chupa ikasimama hewani, na vidole vya binti vikajikaza kwenye shingo ya glasi hata kucha zikawa nyeupe, naye akaona kwamba mlango ndio huu, hatafunguliwa mwingine, maneno manne yamekaa tayari nyuma ya meno, ameyabeba miaka, ameyapiga pasi kama shati la sikukuu, na akaona pia, wazi kama mchana ule dirishani, kwamba ni yake yeye tu, hayamfai mtu mwingine mezani hapo, yangekuwa tena ni yeye anayepaza sauti huyo ni wangu, huyo ni wangu, ukumbi ukimtazama mtoto. "Hapana, mama," akasema. "Sikujaliwa." Lo, yule mama alisikitika, akaweka mkono kifuani, mzee mnene akakohoa, na Chiriku ndipo akainua macho, kwa mara ya kwanza tangu akae, akamtazama usoni, yamejaa lakini hayamwagiki, akasema polepole, kama mtu anayesoma mstari wa mwisho na hataki kuukosea, "Pole, mzee," na pole hiyo haikuwa ya kutokuzaa, ilikuwa ndefu kuliko meza, ndani yake kulikuwa na mjomba na geti, labda na ukumbi pia, au labda haikuwa na kitu, ni adabu tu, mtoto kafunzwa adabu, hatajua kamwe na haidhuru. "Nishapoa," akajibu, na chakula kilikuwa bado hakijafika, jua lilikuwa palepale kwenye kitambaa cha meza, mzee mnene alikuwa ameshaanza tena habari za foleni ya barabarani, naye akazungusha shingo ya chupa tone lisidondoke, akasogelea glasi ya pili.