Muundi wa Kushoto wa Pipacs

"Shuka hapo, mama," profesa alisema. "Unamtikisa."

Etelka hakushuka. Alikuwa kwenye kidato cha tatu cha ngazi, brashi mkononi, kati ya ubavu wa saba na wa nane, na katika miaka thelathini na minne ya kazi hii hajapata kuacha ubavu nusu kwa sababu mwenye tai kasema shuka. Akamaliza wa nane. Akapuliza. Vumbi likatua kwenye bega la koti la profesa, na wala haikuwa bahati mbaya.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kufunga makumbusho, na ukumbi wa nyuma ulikuwa na baridi ya kutosha kutunza maziwa. Katikati alisimama farasi Pipacs. Mbio arobaini na moja, ushindi arobaini na moja, kisha msokoto wa tumbo uliomuua akiwa na miaka kumi na miwili. Tangu hapo amesimama kwenye jukwaa la mbao mjini Pest bila nyama wala ngozi, mifupa mitupu, huku watu wakimlipia forinti mbili kumwona. Wanaingia, wanasoma kibao, wanasema, "Arobaini na moja, loo," halafu wanauliza choo kiko wapi. Etelka aliwadharau wote kwa usawa. Hakuna aliyewahi kuuliza alishindaje.

Yeye alijua. Babu yake aliuza mbegu za maboga langoni mwa uwanja wa mbio, na mbio kumi na tisa kati ya zile aliziona kwa macho yake, zilizobaki akasomewa gazetini. Etelka alilelewa nazo. Alijua jinsi Pipacs alivyobaki mstarini kule Pozsony akisikiliza tarumbeta za bendi, wenzake wameshapita nguzo ya kwanza, na bado akaja kuwapita kwa urefu wa shingo. Alijua kwamba huko Vienna wenye farasi waliwaondoa farasi wao wote kwa woga, na Pipacs akazunguka uwanja peke yake, polepole, kama bibi anayekwenda sokoni. "Kushinda hata kichaa anashinda," babu alikuwa akisema. "Wewe tazama masikio. Wengine hukimbia wameyalaza kwa uchungu. Huyu alikimbia masikio mbele, anataka kuona kuna nini huko." Masikio hayana mfupa. Hayapo kwenye jukwaa, na hilo lilimuuma Etelka zaidi ya kitu kingine chochote kilichokosekana pale.

"Huyu ndiye Bi Etelka," alisema mkurugenzi, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mbwa wake. "Ni mtu wetu wa vumbi."

Mkurugenzi Gerencsér aliletwa hapa kutoka kiwanda cha trekta, na kwa maoni ya Etelka hakujua farasi anaanzia upande gani. Mwaka mzima alikuwa akiutolea macho ukumbi huu. Alitaka maonyesho ya trekta. Trekta la kwanza, trekta la pili, picha ya dereva anatabasamu. Alikosa tu sababu ya kumpeleka Pipacs stoo, kwenye giza, pamoja na kondoo waliojazwa pamba na kuliwa na nondo.

Profesa Zsiray alikuwa mtu wa aina nyingine, mrefu, mtaalamu wa mifupa ya wanyama, mwenye vidole safi. Aliinama kwenye mguu wa mbele wa kushoto, akagusa mfupa ulio chini ya goti kwa kidole kimoja.

"Muundi huu," alisema. "Ndugu Mkurugenzi, unauona? Mnene kuliko wa kulia kwa milimita nne. Na rangi yake. Mweusi. Hayo ni madini. Farasi wengine walikuwa na mfupa, huyu alikuwa na chuma. Miaka themanini watu wanauliza siri yake, na siri iko hapa mbele ya macho yao."

"Kumbe," alisema mkurugenzi.

"Na hii mifereji mitatu kwa nyuma. Sijaiona kwa farasi mwingine yeyote. Ilipitisha mishipa ya ziada ya damu. Wenzangu wameanza kuiita mifereji ya Zsiray." Akacheka kidogo, kwa unyenyekevu wa mtu aliyewaomba wenzake waiite hivyo. "Kitabu kiko kwa wachapaji, mwezi ujao kinatoka. Nimebakiza kipande kimoja cha ushahidi."

Akafungua sanduku bapa la mbao. Ndani, juu ya kitambaa cha kijani, ulilala msumeno mdogo wenye meno laini.

"Upana wa kidole tu," alisema. "Kipande kutoka muundi wa kushoto, na kipande kutoka wa kulia, kulinganisha. Tutajaza plasta. Mgeni hatajua."

"Kata tu, Profesa," alisema mkurugenzi. "Sayansi ni sayansi."

Etelka akashuka ngazi. Hasira ilikuwa imempanda, akaibana brashi kwapani.

Wa kushoto wangeweza kuukata, kuusaga, kuunyunyizia njiani watu wasiteleze kwenye barafu. Asingejali. Muundi wa kushoto haukuwa wa Pipacs. Ulikuwa wa Bandi.

Bandi alikuwa farasi wa gari la kukodi aliyesimama kona ya mtaa wao kabla ya vita, mnyama mvivu, mng'ata watu, aliyesimama mwenyewe mbele ya kila baa bila kuambiwa. Ukiwa na haraka ulikwenda kwa miguu. Mbio pekee alizowahi kushiriki ni za kumkimbia kinyozi aliyemmwagia maji ya sabuni, na kinyozi alimpata. Majira yale ya baridi ya arobaini na tano, mji umezingirwa, watu wote wakiishi vyumba vya chini ya ardhi, Bandi aliangukia barabarani na majirani wakamtokea na visu kabla hajapoa. Etelka alifika amechelewa. Akaambulia mguu wa mbele wa kushoto, kano tupu. Aliuchemsha siku tatu kwenye chumba cha chini cha makumbusho haya haya, alikokuwa amejificha na mama yake.

Siku ya nne kombora likapasua dirisha la ukumbi. Alipopanda juu alimkuta Pipacs amesimama kwenye vioo na theluji, muundi wa kushoto umekuwa unga. Miguu mitatu. Farasi ambaye hakuna kiumbe aliyemshinda, anasimama kwa miguu mitatu kama kigoda cha jikoni. Etelka hakuweza kuvumilia. Alishuka, akautoa mfupa wa Bandi sufuriani, akausugua kwa magadi, akaufunga mahali pake kwa waya wa pasi iliyoungua. Bandi alikuwa mdogo wa umbo, ingawa mnene wa mfupa, ukakaa vizuri. Kisha akaudharau. Kila Jumatatu alipangusa mifupa yote ya Pipacs, mmoja mmoja, na huo akauruka. Miaka ishirini na minane hajaupitishia kitambaa. Madini, eti. Ulikuwa uchafu.

Lakini wa kulia ulikuwa wa Pipacs mwenyewe. Huo uligusa nyasi za Pozsony.

Akinyamaza, msumeno ungepita kwenye mfupa huo. Akisema, mkurugenzi angepata sababu aliyoitafuta mwaka mzima: farasi wa kughushi, mpeni njia ya stoo. Hakuona mlango wa tatu. Alimtazama profesa akiupima muundi wa kulia, akiuwekea alama ya chaki.

Simu ikalia ofisini. Mkurugenzi akatoka.

"Usiukate huo," alisema Etelka.

"Mama, nenda ukanywe chai."

"Huo wa kushoto si wake. Nimeuweka mimi. Ni wa farasi wa gari la kukodi, jina lake Bandi."

Profesa hakuinua kichwa. "Mkurugenzi alinionya kwamba unampenda sana huyu mnyama. Ni jambo zuri. Mke wangu naye anapenda paka."

"Tulimla. Mimi na mama yangu."

"Sawa, mama."

"Hiyo mifereji yako." Alisema taratibu sasa, maana hasira ilikwishatulia na kubaki dharau tu, na dharau haikumpa shida, alikuwa ameizoea. "Geuza mfupa uitazame tena. Miwili imesimama wima, wa tatu umekwenda upande, sivyo? Kisu kiliteleza. Kilikuwa kisu changu cha mkate, butu, na vidole vilikuwa vimeganda. Mshipa gani wa damu unateleza, Profesa?"

Profesa akatoa kioo cha kukuzia. Akapiga goti kwenye mbao, suruali yake nzuri juu ya vumbi, akatazama kwa muda mrefu. Etelka aliona shingo yake ikibadilika rangi kuanzia kwenye kola kwenda juu. Bila shaka mtaalamu wa mifupa anaujua mkato wa kisu. Aliujua siku zote, isipokuwa hakutaka kuulizwa.

Alipoinuka alikuwa amezeeka kidogo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yangu, naye tulishamzika."

"Kitabu kina kurasa mia mbili na sitini," alisema profesa, kana kwamba hilo lilikuwa jibu la kitu fulani. "Waziri ameandika dibaji."

"Basi mpelekee waziri supu."

Hatua za mkurugenzi zikasikika ukumbini. Etelka alikaza mkono kwenye ngazi. Sasa itasemwa, alifikiri, na kesho trekta litaingia kwa mlango ule. Profesa aliulaza msumeno kwenye kitambaa cha kijani, akafunga sanduku, vifungo viwili, taratibu.

"Ndugu Mkurugenzi," alisema, "nimebadili mawazo. Nimesimama mbele yake na nimeona haya. Hii ni hazina ya taifa. Kuikata ni ushenzi."

"Lakini ushahidi..."

"Vipimo vya nje vinatosha. Nakusihi asiguswe tena na mtu yeyote. Wala asihamishwe. Nitaliandika hilo kwenye kitabu, na waziri atalisoma." Halafu, bila kumtazama Etelka: "Bi Etelka amenifungua macho."

Mkurugenzi alimtazama mtu wake wa vumbi kwa mshangao, kama aliyeona ndoo ikiongea. Trekta zake alizipungia mkono wa kwaheri moyoni, ilionekana usoni. Kwa hiyo Etelka alipata alichotaka. Pipacs alibaki mzima, alibaki ukumbini, na kilichomlinda ni uongo wa mwanamume mwenye vidole safi. Alikwenda nyumbani akajifunika blanketi na kulia kwa hasira. Hakupika.

Kitabu kilitoka mwezi wa Aprili. Kikaja na kibao kipya: *Tazama muundi wa kushoto, mnene kuliko wa kulia, mweusi kwa wingi wa madini. Hapa ndipo ulipokaa ushindi.* Kikaja na mshale mwekundu wa bati, umesimamishwa kwenye jukwaa, ncha yake ikimwonyesha Bandi.

Na watu wakaja. Hawakuja hivyo hata wakati wa babu. Walipanga foleni hadi nje, wake kwa waume, wenye kofia na wenye kamera, wakachuchumaa mbele ya mguu ule wakaguna. Hakuna aliyeinua uso kutazama kifua kile kirefu, wala mabega, wala fuvu lililowahi kubeba masikio yale. "Unaona weusi wake," mwanamume mmoja alimwambia mkewe, mikono yake ya fundi bomba, sauti yake ya mjuzi. "Huwezi kumshinda farasi mwenye mfupa kama huo. Ni chuma hicho." Etelka, ambaye siku za wageni ndiye aliyelinda ukumbi, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mlinzi. Pozsony amepewa Bandi. Vienna amepewa Bandi. Ushindi arobaini na moja amepewa mnyama aliyepitwa na kinyozi, na ni yeye Etelka aliyempa, kwa waya wa pasi. Aliona aibu hadi akashindwa kumwambia fundi bomba choo kiko wapi.

Jumatatu iliyofuata alifika mapema. Alichemsha maji kwenye jiko la bawabu, akatia magadi, akabeba ndoo hadi ukumbini. Safari hii hakuchukua ngazi. Alipiga magoti kwenye jukwaa, akausogeza mshale upande kwa kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu vita akaushika muundi wa kushoto.

Maji yalitoka meusi, kisha ya kahawia. Alibadilisha ndoo mara mbili. Nyuma ya mfupa, kidole chake kikaingia kwenye mkato wa kwanza, kikaingia kwenye wa pili, kikafuata wa tatu ulikoteleza. Hapo akatulia. Alikumbuka sauti ya mama yake gizani, siku ya pili ya supu ile, baada ya wiki nzima ya kulala ameuelekea ukuta bila neno, akiuliza kama imebaki kidogo. Mama aliishi miaka kumi na sita zaidi. Bandi alikuwa mgumu na ananuka, na Etelka alimlamba hadi kwenye sufuria, na hakumwambia asante hata siku moja.

Akasugua tena, polepole zaidi. Akauosha kwa maji safi, akaukausha kwa kitambaa kile laini alichokuwa akimtunzia Pipacs peke yake, akaung'arisha kwa nta. Kisha akahamia muundi wa kulia, akaufanyia vilevile, akaifuta alama ya chaki.

Alirudi nyuma hatua tano, akakaa kwenye kiti chake cha mlinzi, akafungua mkate wake wenye mafuta ya nguruwe na kitunguu. Jua la asubuhi lilikuwa limefika jukwaani. Miundi miwili ilikuwa ikikauka sambamba, myeupe kwa myeupe, na mshale mwekundu ulikuwa umesimama pembeni ukionyesha ukuta. Etelka alitafuna, akafinya jicho moja, akafinya na la pili. Kutoka pale alipokaa, hata yeye hakuweza kuapa upi ni upi.