Marafiki wa Tabor Creek Walivyosema Kishawnee

Jumapili hiyo Thelma Maris aliteleka kahawa, akafuta makombo ya biskuti mezani, kisha akaingia ukumbini na kuketi kwenye benchi lake karibu na jiko la kuni. Marafiki wa Tabor Creek, jimboni Kansas, yaani Wakristo wa madhehebu ya Quaker, hawana mchungaji wala kwaya. Hukaa kimya, na anayesukumwa na Roho husimama akasema. Kimya cha asubuhi hiyo kilikuwa kizuri. Tumbo la mtu lilinguruma, likasamehewa.

Ndipo Orval Hadley, karani wa mikutano yao, mzee wa magoti mabovu, aliposimama na kusema kwa sauti ya msichana mdogo, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Alisema kwa kirefu, akacheka kwikwikwi, akaketi. Mwisho wa ibada walipeana mikono kama kawaida.

"Leo umesema vizuri, Orval," Thelma alimwambia wakinywa kahawa.

"Nashukuru. Nimesema nini?"

"Hapo sasa."

Jumapili iliyofuata walisukumwa wengi zaidi. Lowell Stanfield, mkulima asiyecheka hata harusini, alisema kwa sauti ya kitoto huku akirukaruka kwa mguu mmoja. Marafiki waliona adabu ni kumtafuta mtu anayeelewa. Kwa kuwa nchi ile zamani ilikuwa ya Washawnee, wenyeji wa asili wa Amerika, wakampigia simu Nadine Longhorn, Mshawnee anayefundisha lugha ya kwao huko Oklahoma, ambako wazee wake walipelekwa walipoondolewa Kansas. Akaja na pikapu yake, akaketi benchi la nyuma, akitafuna mbegu za alizeti.

Lowell aliposema, Nadine alipaliwa.

"Anasemaje?" Orval alinong'ona.

"Anasema mwalimu ana makalio kama mtumbwi uliopinduliwa."

"Mwalimu yupi?"

"Wenu, mzee. Ukumbi huu mliujenga kwa mbao gani?"

Walijua. Mbao zilikuwa za bweni la shule ambamo babu zao, Marafiki wenye nia njema, waliwaweka watoto wa Kishawnee waliotenganishwa na wazazi wao. Mtoto aliyesema lugha ya kwao alisuguliwa ulimi kwa sabuni. Maneno hayo yalipokosa pa kwenda yaliingia ukutani, na sasa yalikuwa yanatoka. Karibu yote yalikuwa utani.

Nadine alirudi na shangazi yake Cordelia, kisha na wanafunzi wake, kisha pa kuegesha magari pakakosekana. Thelma alimwimbia shangazi kijembe kuhusu pua yake. Shangazi akamjibu kwa lugha ileile kwamba pua hiyo imenusa wengi wasiooga. Thelma akatoa ulimi nje, akajificha chini ya benchi. Shangazi akapiga magoti kumfuata, wakaibukia upande wa pili, wote wawili na vumbi nyweleni. Marafiki waliovaa sweta zao za Jumapili walikimbizana kuzunguka jiko, wakagusana mgongoni na kupiga kelele. Neno moja lilipotoka kinywani mwa Orval, shangazi alimwomba alirudie, akalirudia tena. Mara ya mwisho shangazi alikuwa amelisikia kwa mama yake. Alifuta machozi, kisha akacheka hadi miwani ikamtumbukia kwenye kahawa.

Siku moja Orval alisimama na sauti yake mwenyewe.

"Tuliwakosea watoto wenu," alisema. "Tunaomba radhi."

"Tumesikia," Nadine akasema. "Sasa tuzungumze kuhusu lile konde la nyuma."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na konde la nyasi, na chini yake walilala watoto ambao hawakurudi nyumbani. Washawnee walitaka warudishiwe konde lao. Marafiki hawapigi kura. Husubiri hadi kila moyo ukubali. Mioyo yote ilikubali isipokuwa wa Lowell, aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe wake pale.

"Nawapenda watu hawa," alisema. "Tangu waje nimecheka kuliko maisha yangu yote. Lakini kuhusu konde, sijapata mwanga."

"Unataka wa jua au wa taa?" shangazi aliuliza.

Kabla hajajibu, sauti ya Lowell ilibadilika ikawa nyembamba. Alisema maneno machache, akikanyaga sakafu kwa hasira ya kitoto. Washawnee waliangua kicheko. Shangazi alishikilia ukuta asianguke.

"Nimesema nini?" Lowell aliuliza.

"Umesema, 'Tokeni, hapa ni kwetu,'" Nadine akamjibu.

Lowell alicheka mpaka akashika mbavu. Alikiri kwamba mtoto huyo alisema kweli tupu, na hakuna ambaye angeisema vizuri zaidi. Kisha akamwomba Orval aandike kwamba jambo la konde lisubiri mkutano ujao.

Jumatatu, umande ulipokauka, aliwasha trekta akaenda kukata nyasi za konde lile, akiimba wimbo wa Kishawnee aliofundishwa na shangazi, na matamshi yake yalikuwa safi kabisa.